Bodi Aliyoisifu Shemeji

Benchi letu liko mwisho wa korido, pale jengo la mafundi linapokutana na barabara, hatua tatu kutoka kwenye jiko la muuza kahawa. Ni ubao mmoja mrefu uliokalishwa juu ya madebe ya rangi, na kila mtu ana mahali pake. Mimi nachonga funguo, kwa hiyo nakaa ncha ya kulia, karibu na mashine yangu. Pembeni yangu hukaa Mama Mihuri, anayechonga mihuri ya mpira ya maofisini na hanyamazi hata akiwa amebana kisu kwa meno. Anafuata Mzee Breki, aliyeendesha malori miaka thelathini na moja, na tangu astaafu hajapata kitu kingine cha kuendesha ila mazungumzo. Halafu Risasi, fundi wa kompyuta. Jina hilo tulimpa kwa sababu ya waya wa risasi anaochomelea vyuma, na pia kwa sababu akikasirika husema mara moja tu na inatosha. Ncha ya kushoto, yenye kivuli, tulimwachia Mhakiki.

Mhakiki ndiye aliyekuwa fahari ya benchi. Ana ukurasa wake mtandaoni ambako huandika kuhusu vifaa vya kompyuta, kipi kinafaa na kipi ni cha kukimbiwa, na maelfu ya watu humsoma kabla hawajatoa mkono mfukoni. Wauzaji humtumia vifaa ili avipime. Kisha ameoa dada yake Risasi, kwa hiyo wale wawili ni mashemeji, na utani wao ulikuwa nusu ya ladha ya kahawa yetu.

Jumanne ile, saa nne asubuhi, Risasi alikuja bila salamu. Alikuwa amebeba mazabodi, ule ubao mpana ambao kila kitu ndani ya kompyuta huchomekwa juu yake. Akaulaza mahali pa Mhakiki, akaweka bisibisi kando yake, akabaki amesimama. Mama Mihuri alimwambia akae, kahawa inapoa. Hakukaa.

Sisi tulijua kidogo tu juu ya kisa chenyewe. Tulijua kwamba mwezi uliopita alimuundia kompyuta Mama Ramani, yule mama mwenye ofisi juu ya duka la vioo, anayechora ramani za majengo na kuzigeuza picha ili mtu aione nyumba yake kabla tofali la kwanza halijalala. Kazi hiyo hula kompyuta kama moto unavyokula nyasi. Mama Ramani alitaka kitu cha daraja la kati, si cha kifahari, ila kisimuangushe. Risasi akasoma ukurasa wa shemeji yake, akaikuta bodi hii imepewa nyota nne na nusu, akainunua.

Yaliyofuata ndiyo hatukuyajua, na Risasi alitusimulia akiwa amesimama vilevile, mikono kwenye mifuko ya koti la kazi.

Wiki mbili za kwanza kompyuta ilienda vizuri. Ya tatu ikaanza kuchoka. Mama Ramani akiipa picha nzito, dakika ishirini tu inakuwa kama mtu anayepanda mlima na gunia, halafu inazima. Risasi aliitwa mara tatu. Alibadilisha pawasaplai, kile kisanduku cha umeme, akabadilisha ram, vile vijiti vya kumbukumbu, akaongeza feni. Kila mara aliijaribu, ikawaka, akashukuru, akaondoka. Kisha ikaja siku ya kamati ya zahanati. Wajumbe tisa walikaa mbele ya ukuta mweupe wakisubiri kuonyeshwa zahanati yao itakavyokuwa, na kompyuta ikazima. Ikawashwa, ikazima. Mara ya tatu mwenyekiti akatazama saa yake, akasema wataendelea na mchoraji mwingine.

— Mama Ramani alikuja kibandani kwangu, akasema Risasi. Nilikuwa na wateja wanne. Akaniambia mbele yao kwamba nimemfungia kitu kikuukuu nikampa kwa jina la kipya. Wawili walichukua mashine zao palepale. Hawakuniambia hata kwa nini.

Muuza kahawa mwenyewe aliacha kusuuza vikombe.

Risasi akachukua bisibisi. Kwenye kona ya bodi ile kulikuwa na bati nene jeusi lenye mbavu, zuri kama kiatu cha harusi. Kazi yake ni kupoza vipande vidogo vinavyopokea umeme na kuugawa, kwa sababu vipande hivyo vikifanya kazi ngumu hupata joto sana. Akafungua skrubu mbili, akalinyanyua. Chini yake kulikuwa na vipande kumi vimepangwa mstari. Ule utepe laini unaopaswa kuvigusa vyote na kupeleka joto kwenye bati ulikuwa umegusa vinne tu. Vile sita vilikuwa vimebabuka rangi, havijaguswa na kitu tangu vizaliwe.

— Bati limekaa juu ya vipande kama paa la kuchora, akasema. Linatisha mvua, haliizuii.

Hapo benchi likaanza kazi yake. Mama Mihuri alilichukua lile bati, akalipima mkononi kama anayepima kitunguu, akasema yeye ameshaelewa. Watu hununua kwa uzito. Mtu akishika boksi zito anaona fedha yake haikupotea, kwa hiyo kiwanda kiliweka chuma ili mkono uridhike, si ili kitu kipoe. Mzee Breki alikataa. Alisema bati hilo ni rejeta, na rejeta haiwekwi kwenye gari bovu. Bodi ikiwa imefungwa bati, basi kilichomo ni kizuri.

— Chanda chema huvikwa pete, alisema.

Nikamuuliza pete gani isiyogusa kidole. Akasema hiyo ndiyo ya kisasa.

Tungecheka siku nyingine. Risasi alikuwa anatazama barabarani, na taya lake lilikuwa linacheza. Ndipo Mhakiki akatokea, mkoba begani, akitabasamu kabla hajafika.

— Shemeji, naona umenikalishia mgeni, alisema, akionyesha bodi iliyolala mahali pake.

— Mgeni wako mwenyewe, Risasi akamjibu. Mkaribishe.

Mhakiki aliitazama, akalitazama bati mkononi mwa Mama Mihuri, na tabasamu likabaki usoni bila mwenyewe. Risasi akamweleza yote kwa sentensi chache, ya kuzima, ya kamati, ya wateja wawili. Halafu akasubiri. Nadhani alichotaka ilikuwa pole tu. Namjua Risasi, pole moja ya kweli ingemkalisha chini.

Mhakiki hakutoa pole. Alivuta pumzi kama mtu anayeanza hotuba, akatueleza kwamba bodi huhukumiwa kwa ujumla wake. Akahesabu. Matundu manne ya ram. Nafasi mbili za diski zile nyembamba zenye kasi. Matundu manane ya kuchomekea vitu nyuma, na kwa daraja la kati wengine hutoa sita. Mpangilio wa nyaya umefikiriwa. Plagi kubwa ya umeme iko ukingoni, fundi hachubuki mkono. Akasema hivyo ndivyo alivyovitolea nyota, na hata leo angevitolea. Kisha akageuza upande. Akauliza ofisi ya Mama Ramani ina madirisha mangapi. Akauliza kama umeme wa jengo lile haupandi na kushuka. Akauliza feni ya nyuma ya kasha Risasi aliifunga ikitazama wapi.

— Nje, akasema Risasi.

— Una hakika?

Kwa fundi wa miaka kumi na tisa, swali hilo ni kofi. Kuanzia hapo neno shemeji halikusikika tena.

Risasi alitoa simu, akatafuta ukurasa, akasoma kwa sauti iliyonyooka, bila kupandisha wala kushusha. Ilikuwa imeandikwa hivi: “Niliifanyisha kazi nzito saa sita mfululizo, na nilipoligusa bati la kupozea lilikuwa vuguvugu tu, kama kikombe cha chai kilichosahauliwa. Kwa mtu wa kazi, lala usingizi.”

— Saa sita, akasema Risasi. Yangu haikumaliza dakika ishirini. Wewe bwana, uligusa bati gani?

Mhakiki alisema kwamba maneno ya mtu yasitolewe mahali pake. Akasema aliandika mengine pia, kwamba bodi haina waifai, ingawa nyuma imeachiwa matundu mawili ya antena yaliyozibwa, na kwamba hilo alilikosoa. Mama Mihuri akamuuliza, sasa mtu anayezimiwa kompyuta mbele ya kamati, matundu ya antena yanamsaidia nini. Mhakiki akamwambia mambo haya yana utaalamu wake, asiingilie. Hapo Mama Mihuri akaweka kisu chake chini. Miaka yote niliyokaa naye sijawahi kumwona akiweka kile kisu chini kabla ya adhana ya mchana.

— Mimi nachonga muhuri wa hakimu, alisema. Nikikosea herufi moja, barua ya watu inarudishwa. Usinifundishe utaalamu, baba.

Mzee Breki akaona moto unapanda, akaamua kuuzima kwa petroli. Alisema amekaa akafikiri, na hakuna aliyekosea hapa. Viwanda, alisema, hutengeneza aina mbili za kila kitu. Ya kwanza hupelekwa kwa midomo, ya pili hupelekwa kwa mikono. Mhakiki ni mdomo, akapelekewa ile ambayo utepe umegusa vipande vyote kumi. Risasi ni mkono, akapewa masalio. Aliwahi kuona hayo kwenye matairi. Na zaidi ya hapo, alisema, bodi za siku hizi zina akili. Zinatambua zimefungwa kwa nani, na hii ilipojua imeangukia kwenye kamati ya zahanati, watu wasio na mbele wala nyuma, ikaamua kutojisumbua.

Ya mwisho tuliiacha ipite. Lakini ile ya mdomo na mkono, Mhakiki aliidaka kwa mikono miwili.

— Hilo linawezekana kabisa, alisema. Huwa wanachagua za kututumia sisi. Mimi nilipewa nzuri. Niliandika nilichokiona.

Na lilikuwa na mantiki, siwezi kukana. Nilimwona Risasi akilifikiria. Alitaka liwe kweli. Yule ni mume wa dada yake, baba wa wapwa zake wawili, na Ijumaa wanakula sinia moja. Mabega yalishuka kidogo. Akatoa mkono mmoja mfukoni, akapokea kikombe kutoka kwa muuza kahawa, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile akakaa. Mhakiki akaisogeza bodi kwa adabu, akakaa naye, bodi katikati yao. Mzee Breki akasema, umoja ni nguvu, na akajisikia amesuluhisha.

Alikuwapo mama mmoja amesimama kwenye jiko akisubiri kahawa yake ya kubeba. Hatukumjua. Alikuwa na sare ya wafanyakazi wa usafi wa ofisini na simu mkononi, na nadhani alikuwa ametusikia kwa muda. Alisogea, akaomba radhi kwa kuingilia, akauliza kama ni kweli huyu ndiye mwenye ukurasa. Mhakiki akasema ndiye. Akamkaribisha kwa heshima, akiwa amefurahi kupata mtu wa kumwita kwa jina lake la mtandaoni mbele yetu.

Yule mama akaeleza kwamba bintiye anaanza chuo, na yeye na mumewe wanamuundia kompyuta kidogo kidogo, mwezi huu kifaa hiki, mwezi ujao kile. Mwezi huu ni zamu ya bodi. Alisoma habari ya hii usiku, siku mbili mfululizo, na kwa kweli ameielewa karibu yote, ila jambo moja halikuandikwa.

— Naona kwenye picha ina taa pembeni, alisema. Ukiizima kompyuta, zile taa zinazimika au zinabaki? Maana tunalala chumba kimoja sote, na mdogo wake akiona mwanga halali.

Lilikuwa swali dogo kabisa. Mtu aliyeiwasha bodi ile mara moja, akaizima akaenda kula, angejibu huku anakunywa kahawa. Risasi alikuwa na jibu. Nilimwona akiwa nalo, liko palepale kwenye ulimi. Lakini alifunga mdomo, akageuka polepole, akamtazama Mhakiki. Mama Mihuri naye akageuka. Hata Mzee Breki, ambaye hana nadharia asiyoitoa, aliinama mbele kusikiliza.

Mhakiki alipangusa goti la suruali, ingawa halikuwa na vumbi.

Yule mama akadhani hakueleweka, akarudia: zinazimika, au zinabaki?

— Sijui, akasema Mhakiki.

— Si uliitumia saa sita, kaka?

Muuza kahawa alikuwa ameshikilia birika hewani bila kumimina. Mhakiki alitazama chini ya benchi, kwenye yale madebe ya rangi, kana kwamba kuna mtu pale wa kumwitikia.

— Sikuiwasha, alisema.

Kisha yakatoka yote, kwa sauti ya chini, akimwambia yule mama maana sisi hakuthubutu kututazama. Boksi lilimfikia Alhamisi. Waliomtumia walitaka maneno Jumamosi. Alifungua, akapiga picha, akaishika. Kuiwasha kulihitaji prosesa, ule ubongo wa kompyuta, ya aina yake, na yeye hakuwa nayo, hakuna aliyekuwa nayo karibu. Akasoma karatasi ya kiwanda. Bodi mbili zilizotangulia za kiwanda hichohicho zilikuwa vuguvugu. Akaandika hii nayo vuguvugu. Kikombe cha chai kilichosahauliwa alikibuni mwenyewe. Alisema hilo la kikombe kwa namna iliyonikera kuliko mengine yote, kwa sababu nilisikia kwamba bado alikuwa analipenda.

Risasi hakupiga kelele. Aliweka kikombe chini bila kukitazama, kahawa ikamwagika kwenye vidole, na hakuvipangusa.

— Mama Ramani alinitukana kibandani kwangu, alisema. Nikamjibu nini? Nikamwambia, siwezi kukufungia kitu kibovu, kimepimwa na mume wa dada yangu. Niliapa kwa jina lako.

— Nimekosa, akasema Mhakiki.

— Umeniambia mimi. Mimi sikuzimiwa mbele ya watu tisa.

Akapiga simu, akaiweka kwenye kiganja cha shemeji yake. Tulisikia ikiita. Tulisikia sauti ya Mama Ramani, kavu, ikisema haloo. Mhakiki alijaribu kuanza na habari za asubuhi na habari za kazi. Mama Ramani alimkata, akauliza anataka nini. Akamwambia. Hakuyapamba, hilo nampa. Alisema fundi hakumfungia kitu kikuukuu, alisema ni yeye aliyesifu asichokijaribu. Halafu tukamsikia Mama Ramani akisema kwamba kuambiwa kwenye simu hakumsaidii mtu, kwa kuwa simu haisomwi na kamati. Yeye aliisoma sifa ile kwenye ukurasa, na uongo huu anataka kuusomea palepale, leo, kabla hajala mchana. Akakata.

Mhakiki alianza kuandika akiwa ameketi katikati yetu, mkoba mapajani. Hakuna aliyemsogelea wala aliyeondoka. Alipoonekana amefika mwisho, Risasi aliinama akasoma juu ya bega lake. Kulikuwa na maneno mengi kuhusu changamoto za kupima vifaa, na kuhusu shukrani kwa wasomaji wapendwa.

— Futa, alisema Risasi. Anza na lile ulilomwambia huyu mama.

Mhakiki akafuta. Akaandika neno moja, sikuiwasha, akaweka nukta, akakaa akilitazama.

Hapo Mama Mihuri, ambaye hakuwa amekiokota kisu chake bado, alimuuliza Risasi kitu ambacho mimi nilikuwa nakifikiria lakini nisingethubutu. Alimuuliza yeye mwenyewe, kabla ya kumkabidhi Mama Ramani, aliifanyisha bodi kazi nzito kwa muda gani.

Risasi alilitazama lile bati.

— Dakika tano, alisema. Iliwaka. Nikaona imeshapimwa.

Mzee Breki akaanza methali fulani ya nyani, akaiacha njiani. Risasi alichukua bati lake na skrubu zake mbili, akazitia mfukoni. Kisha akamgeukia yule mama na kumwambia kwa upole kwamba taa hazizimiki mpaka uchomoe waya ukutani, na kwamba bodi hii, hata zingezimika, asimnunulie mtoto.

Mama akashukuru. Kahawa yake ilikuwa tayari, akaipokea, akaifunika. Lakini hakuondoka. Alimtazama Mhakiki, akamtazama Risasi, kisha akatupitia sisi wengine mmoja mmoja, bila hasira, kama mtu aliyefika dirishani akaambiwa dirisha limehamishwa.

— Sasa mtu kama mimi, alisema, amuulize nani?

Nilisubiri mmoja wetu amjibu. Muuza kahawa alimimina kilichobaki kwenye birika, kikatoka nusu kikombe na machicha, akakiweka juu ya benchi, na hakuna aliyenyoosha mkono kukichukua.